Antena au intaneti: nani anamchagulia mtoto wako?



Ndugu zetu Waislamu, siku hizi baada ya sala ya Isha, nje ya misikiti yetu ya Nyamirambo na Biryogo, wazazi wengi wanazungumzia kisanduku cha TV. Wapo waliokwisha kung'oa antena juu ya bati na kununua kisanduku kidogo cha intaneti. Hoja yao ni tamu masikioni: antena inaleta miziki na matangazo ya kamari, bali intaneti inaleta Qur'ani, mawaidha na picha za moja kwa moja kutoka Makka. Kwa hiyo, wanasema, nyumba ya Kiislamu ifuate intaneti.

Sisi walimu wa madrasa tunasema hoja hiyo si sahihi. Watoto wanaokesha na visanduku hivyo ndio tunaowapokea Jumamosi asubuhi, macho mekundu, na sura waliyohifadhi wiki iliyopita imeshapotea.

Kwanza tuvielewe vifaa vyenyewe. Rwanda iliachana na mfumo wa analojia mwaka 2014, kabla ya ukomo wa kimataifa wa tarehe 17 Juni 2015. Tangu hapo antena yetu hupokea mawimbi ya dijitali ya mfumo wa DVB-T2 kutoka kwenye minara ya vilimani, kama ile ya Jali. Mawimbi hayo humfikia tajiri wa Nyarutarama na fukara wa Kimisagara sawasawa. Mnara unatoa tu, haupokei. Haujui nani anatazama wala ametazama nini jana.

Intaneti ni njia ya kwenda na kurudi. Kila mtoto anapobonyeza, kule ng'ambo inaandikwa. Akikawia kwenye katuni moja, huletewa kumi zinazofanana nayo, na kipindi kinachofuata huanza chenyewe bila mtu kuomba. Lengo la mwenye mtambo ni mtazamaji asiondoke, maana kadiri anavyobaki ndivyo matangazo yanavyouzika. Sasa tuulizane: ni nani aliyemchagulia mwanao kipindi cha saa nne usiku? Si baba, si mama, wala si mtoto mwenyewe. Amechaguliwa na hesabu za mashine ambayo haimjui Mola wake.

Mtasema: lakini sisi tunafungua mawaidha! Ni kweli. Mnaanza na mawaidha, kisha mzee anasinzia kwenye kochi. Mashine inaleta mjadala wa masheikh wanaotukanana, kwa kuwa ugomvi una watazamaji wengi, halafu inaleta mpira, halafu Allah ndiye ajuaye. Nia njema ya mwanzo haikulindi na kilichofuata.

Mtasema tena: kuna kufuli la wazazi. Liwekeni, ni jambo jema. Lakini kufuli la kuzuia maudhui hulizuia lile baya linalojulikana, halizuii wingi. Mtoto anaweza kutazama vitu vya halali tupu kwa saa sita, akakosa Asri, Magharibi na usingizi.

Na gharama je? Saa moja ya picha ya kawaida hula takriban GB 1, na ya HD hufika GB 3. Nyumba inayotazama HD saa tatu kwa siku inakaribia GB 270 kwa mwezi. Anayenunua bando kwa simu ajipigie hesabu, kisha akumbuke kuwa Suratul-Israa inatukataza ubadhirifu. Antena unainunua mara moja.

Tukumbuke pia Machi 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona. Masomo yalipitishwa redioni na kwenye televisheni ya taifa, na mtoto wa nyumba isiyo na bando naye akasoma. Kitu kinachowafikia wote kina heri yake.

Hata hivyo hatuitakasi antena. Ina matangazo ya kamari na filamu zisizo na haya. Na mji wetu ni wa vilima: nyumba iliyojificha nyuma ya kilima huona picha ikikatika vipande vipande, kisha kioo cheusi. Lakini uovu wa antena una mpaka. Chaneli zinahesabika na vipindi vina saa zake. Mama anajua taarifa ya habari ni saa ngapi, na anajua lini pa kuzima. Pia TV ya antena hukaa sebuleni, tukaiona sote, tukaoneana haya. Haya ni sehemu ya imani.

Basi ushauri wetu ni huu:

1. Sebuleni iwe antena. Unaponunua TV au dekoda, hakikisha imeandikwa DVB-T2. Muulize fundi kama chaneli za bure zitaendelea kuonekana kifurushi kikiisha. Antena iwekwe juu ya paa na ielekezwe kwenye mnara kabla ya kuilaumu.

2. Intaneti iitwe kwa haja. Bibi anataka kuona tarawehe ya Makka? Mfungulie, keti naye, ikiisha zima. Zima pia ule mpangilio wa vipindi kujianzisha vyenyewe.

3. Kati ya Magharibi na Isha, TV yoyote izimwe. Huo ni wakati wa juzuu.

4. Rimoti ilale chumbani kwa wazazi.

Ndugu zetu, katika Suratut-Tahrim, aya ya 6, tumeamrishwa kuzikinga nafsi zetu na ahli zetu na Moto. Hatukuambiwa tuukabidhi ulinzi huo kwa kisanduku, hata kikiwa kinasoma Qur'ani. Siku ya hesabu hakuna atakayejibu kwamba mashine ndiyo iliyochagua. Mchunga ni wewe.

Na wewe kijana mwanafunzi unayesoma haya kwenye simu usiku: ukimaliza, izime, utie udhu, ulale. Alfajiri haikawii.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.