SEHEMU YA 5: Mama unayenyonyesha, usiende mazoezini na njaa

Tangu tuongelee tumbo la uzazi, inboksi imejaa swali moja: "Nesi, eti nikifanya mazoezi bila kula tumbo linaisha haraka?"

Hapana. Na kwa mama anayenyonyesha mimi napinga kabisa.

Ukweli upo kidogo. Ukifanya mazoezi na njaa, mwili unachoma mafuta zaidi kwa ule muda. Lakini ukijumlisha wiki nzima, kinachopunguza uzito ni kiasi unachokula na kiasi unachotumia. Tena wengi wakirudi na njaa ile wanamalizia kwa chapati tatu na soda.

Sasa wewe unanyonyesha. Kutengeneza maziwa peke yake kunatumia takribani kalori 500 kwa siku. Umekula saa mbili usiku, mtoto kanyonya mara tatu, nne hadi alfajiri, halafu saa kumi na mbili unaruka kamba. Unategemea nini? Kizunguzungu, jasho la baridi, mikono kutetemeka, macho kuona giza. Kuanguka peke yako ni shida. Kuanguka umembeba mtoto ni balaa.

Sisemi ule sahani ya wali. Ndizi mbivu moja, au kipande cha kiazi kitamu, au kikombe cha uji, nusu saa mpaka saa moja kabla, na maji. Maandazi yasubiri, mafuta yanakaa tumboni na utasikia kichefuchefu. Ukila mlo kamili, pumzika saa mbili hadi tatu. Na mnyonyeshe mtoto kwanza ndo utoke, matiti yawe mepesi.

Mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza dawa za kushusha sukari, ongea na daktari wako kabla hujaanza. Uliyejifungua kwa upasuaji, usianze kuruka wala kukimbia mpaka upimwe kliniki, hudhurio la siku ya 42 uliza.

Ukisikia kizunguzungu katikati ya mazoezi, acha hapohapo. Kaa chini, kunywa juisi au chai yenye sukari. Ikijirudia, njoo kituoni tukupime na damu.

Ila jamani, kinachoniuma zaidi ni hiki: wengi wenu hamshindi njaa kwa sababu ya mazoezi. Mnapika, mnagawa, mnakula mwisho, kilichobaki. Baba akishiba, watoto wakishiba, mama anakwangua sufuria. Halafu huyohuyo anaambiwa apungue!

Baba unayesoma hapa, leo jioni weka ndizi pembeni. Usiulize ni ya nani. Ni ya mama, ya kesho asubuhi.

Niandikieni hapo chini: wewe asubuhi unakula nini kabla ya mazoezi?