UDONGO NA BANDA LA KUKU

Ndugu zetu wa Mishamo waliingia pori lile mwaka 1978, wakiwa wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Wakafyeka, wakalima, na mwaka 2014 wakaanza kukabidhiwa hati za uraia wa Tanzania. Watu wa namna hiyo hatuoni haya kuwaambia neno la kweli juu ya kuku.

Siku hizi yuko mfugaji ambaye akinunua vifaranga wa nyama, hununua na pakiti ya antibiotiki. Kuku hawaumwi, lakini unga hutiwa majini kila asubuhi, ati wakue upesi. Twasema waziwazi: huo ni ubadhirifu, tena ni hatari. Kijidudu kikizoea dawa bandani hakiiogopi tena. Kesho mtoto ameugua, anachomwa sindano, na sindano haifui dafu. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo tangu 1 Januari 2006, na kuku wangali wanaliwa huko.

Tena kuku anayedumaa pengine hana kijidudu. Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo watu wameyakataa, ndiyo hutupiwa kuku, na sumukuvu iliyomo huharibu ini. Ni sumu hiyo hiyo iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Antibiotiki haiigusi hata kidogo. Udongo waigusa. Ule uitwao bentonaiti una matabaka membamba mno. Sumukuvu hunaswa humo tumboni, ikatoka na kinyesi. Ulaya huruhusu usizidi kilo 20 katika tani ya chakula, yaani kilo moja kwa gunia la kilo 50. Msicheke, maana wajawazito wetu wanatafuna udongo tangu zamani.

Lakini hatutaki kumdanganya mtu. Udongo hautibu, wala hauzuii mdondo. Dawa ya mdondo ni chanjo. Kuku mgonjwa kweli na apewe dawa kwa agizo la mtaalamu. Wala si kila udongo unafaa. Marekani, mwaka 1997, udongo uliochimbwa Mississippi ulionekana una sumu ya dayoksini, nao ulikuwa umekwisha ingia katika chakula cha kuku. Basi mtu asichote tope la bondeni akalikoroga na pumba.

Nchi hii haina njaa ya udongo: Pugu peke yake ina kaolini tele. Kinachotakiwa ni kupima. Wanachama wa Mishamo, katika mkutano ujao mwombeni bwana mifugo wa Wilaya ya Tanganyika apeleke udongo wenu Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, upimwe sumu na nguvu zake, na majibu yasomwe mbele ya watu wote. Mpaka yarudi, anikeni mahindi juu ya turubai yakauke barabara kabla ya kuingia ghalani, ondoeni maranda yaliyolowa bandani, na fedha ya pakiti ile inunue chanjo.