Bwawa lenye kukauka si shamba bado

Kando ya mine za shaba na kobalti kuko mabwawa makubwa ya mabaki ya kiwanda. Karibu na Kolwezi, pale Kingamyambo na Musonoi, kulirundikwa tani zaidi ya milioni 110. Wengi wanatuuliza: maji yakitolewa, tope likikauka, juu ya nini tusilime pale?

Sisi maagronomu tunajibu: musipande chakula pale bado.

Kukausha ni kazi ya kwanza tu. Tope hili ni laini kama unga. Juu linafanya gamba gumu, lakini chini lingali uji. Mtu ao ngombe anaweza kuzama. Njo maana wanachimba mifereji, kisha wanangojea miaka tope lishikamane. Maji yenye asidi nayo yatiwe chokaa mbele ya kufika mtoni.

Lakini metali haziishi na maji. Shaba, kobalti, kadimi na risasi zinabaki. Chokaa na mboji vinafunga shaba mu udongo, haviitoi. Pale Penga Penga, Lubumbashi, moshi wa kiwanda cha shaba uliharibu udongo. Watafiti wa Universite ya Lubumbashi walitia chokaa na mboji, wakapanda nyasi za kwetu zenye kuzoea shaba. Hawakupanda muhindi. Nyasi zinashika udongo, vumbi la kiangazi lisiingie manyumbani. Hiyo peke yake ni faida kubwa.

Tena lengalenga na matembele yanavuta metali mu majani kupita mbegu ya muhindi. Kuosha kunatoa vumbi, hakutoi kilicho ndani ya jani. Ni watoto wetu njo watakula.

Tunajua ardhi inakosekana. Lakini mwenye kuchukua shamba zuri asilipe kwa bwawa. Kampuni ikiwaletea ahadi ya "shamba mupya", musitie sahihi mbele ya kuuliza mambo matatu: matokeo ya laboratwari ya udongo na maji yako wapi? Udongo muzuri wa kufunika utakuwa na unene gani? Nani atachunga bwawa miaka inayokuja? Code ya mine ya 2018 inaomba cahier des charges kati ya kampuni na wakaaji. Majibu yaandikwe mule, si ya mudomo tu.

Kwa sasa, pale bwawani tupande nyasi. Chakula tukilime kwenye udongo wenye kupimwa.