Atlasi ya Mtoto Ianzie Ufuoni Kwake

Jiografia ya dunia imegeuzwa kuwa somo la kukariri. Mwanafunzi wa shule ya msingi huweza kuitaja miji mikuu ishirini bila ya kusita, na wiki moja baada ya mtihani isisalie hata mmoja kichwani mwake. Kosa si lake. Alipewa majina pasipo sura, na miji pasipo njia ya kuifikia.

Dawa mojawapo ni atlasi ya picha: kitabu ambacho ramani zake zimejaa wanyama, vyombo, mazao na majengo, kila kimoja mahali pake. Mtoto hukisoma kwa macho kabla ya kukisoma kwa herufi. Lakini atlasi za namna hii zipatikanazo madukani mwetu aghalabu zimeandikwa kwa ajili ya watoto wa Ulaya, na Afrika hupewa simba, tembo na piramidi. Mtoto wa Malindi hujiona mgeni katika kitabu cha dunia yake mwenyewe.

Rai yangu ni kwamba atlasi ya mtoto wa pwani iandikwe kwa Kiswahili na ianzie ufuoni kwake, kisha imtoe hapo hadi pembe zote za dunia. Malighafi ipo tele.

Tuanze na maneno. Kaskazini limetokana na kaskazi, na kusini limetokana na kusi. Mtoto aliyezihisi pepo hizo usoni mwake tayari anayo nusu ya dira. Achorewe jahazi likisukumwa na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kisha kusi ikilirejesha makwao. Hapo atakuwa ameijua Bahari ya Hindi, mabara yanayopakana nayo na majira ya mwaka, bila ya kukariri neno.

Tutazame pia mto Sabaki. Mvua zinyeshapo bara, maji yake huigeuza bahari ya Malindi kuwa ya rangi ya udongo. Mto huo huitwa Athi huko juu, kisha Galana, kisha Sabaki, na mto Nairobi humwaga maji yake humo. Picha moja ya mto mzima, tangu chimbuko hadi mlangoni, itamwonyesha mtoto udongo wa mashamba ya bara ukisafiri hadi kwenye mchanga anaouchezea. Akishaelewa hayo, aulizwe: mafuriko ya Nile yaliirutubisha Misri kwa udongo wa nani? Ataufuata mto kwa kidole mpaka milima ya Ethiopia, naye atakuwa amefikiri kijiografia.

Isitoshe, mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga Uchina, zawadi kwa Mfalme Yongle. Ni mtoto gani asiyetaka kuifuata safari ya twiga merikebuni? Na tarehe 12 Disemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, satelaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini, karibu na Ngomeni. Mahali hapo palifaa kwa kuwa karibu na Ikweta, ambako mzunguko wa dunia huiongezea roketi kasi. Ikweta haitakuwa tena mstari mtupu kitabuni.

Hata hivyo, picha nayo yaweza kudanganya. Katika ramani nyingi za ukutani Greenland huonekana karibu sawa na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland takriban mara 14. Ndiyo maana mwalimu hana budi kuiweka ramani kando ya tufe na kuwaacha watoto waugundue uongo huo wenyewe.

Wapo watakaosema kwamba masomo haya hufunzwa kwa Kiingereza, hivyo atlasi ya Kiswahili itakuwa bure. La hasha. Dhana iliyoshikwa kwa lugha ya nyumbani huhamia lugha nyingine kwa wepesi. Jina lililokaririwa pasipo dhana haliendi popote.

Nawasihi wakuza mitaala na wachapishaji walitie jambo hili maanani. Lakini walimu wa Kilifi na wanafunzi wa vyuo vya ualimu wasiwasubiri. Karatasi za manila na penseli za rangi zatosha: darasa moja lichore mto, jingine lichore pepo, jingine safari ya twiga. Zishoneni pamoja, nayo atlasi ya kwanza itakuwa imepatikana.