Mtoto wa Awali Afundishwe Ufundi, Asipewe Picha ya Kujaza Rangi

Katika madarasa mengi ya awali, Tanzania na Kenya, kipindi cha sanaa kina sura moja. Mwalimu hugawa karatasi zilizokwisha kuchorwa tembo, nyumba au embe, na watoto hujaza rangi ndani ya mistari. Anayevuka mstari huambiwa amekosea. Anayejaza vizuri hupigiwa makofi, na karatasi yake hubandikwa ukutani ili wazazi waione. Kazi hiyo haimdhuru mtoto, tena humtuliza mwalimu akapata kupumua. Lakini tembo yule amechorwa na mtu mwingine, na mtoto akimaliza hajui zaidi ya alichokijua alipoanza. Nasema mtoto wa miaka minne au mitano anaweza kufundishwa ufundi halisi wa sanaa: kufinyanga, kuchanganya rangi, kupiga chapa, kusuka. Afundishwe hatua kwa hatua kama fundi anavyomfundisha mwanagenzi wake, kwa kazi anayoifanya kwa mikono yake tangu mwanzo hadi mwisho. Na tukishampa namna ya kufanya, tumwachie mwenyewe aamue atengeneze nini.

Serikali zetu hazikulisahau jambo hili. Mtaala wa elimu ya awali wa Tanzania wa mwaka 2016 uliweka kumudu stadi za kisanii miongoni mwa umahiri ambao mtoto anapaswa kuujenga kabla ya darasa la kwanza. Mtaala wa umilisi wa Kenya, ulioanza kutekelezwa nchi nzima mwaka 2019, umetenga shughuli za ubunifu kwa watoto wa PP1 na PP2, yaani madarasa mawili ya awali. Maandishi yapo. Kinachotushinda ni utekelezaji, na kinachoukwamisha zaidi ni sisi wazazi, ambao tukifika shuleni swali letu la kwanza ni daftari limejaa kurasa ngapi. Mwalimu naye hujaza daftari.

Tuutazame mkono wenyewe. Mifupa midogo ya kifundo cha mkono wa mtoto wa miaka minne haijakamilika. Mingine bado ni gegedu, na upo mmoja ambao kwa kawaida hauanzi kuwa mfupa mpaka mtoto afikishe miaka minane hivi. Misuli ya vidole nayo ni michanga. Ndiyo maana mtoto wa miaka mitatu hushika penseli kwa ngumi, na kushika kwa vidole vitatu huja polepole, kwa wengi kati ya miaka minne na sita. Mzazi akiona mwanawe hawezi kuikalisha herufi kwenye mstari humdhani mzembe, na mwalimu humwongezea kurasa za kunakili. Lakini mkono mlegevu hupata nguvu kwa kukanda, kubana, kuviringisha, kuchana na kusuka kuliko kwa kurudia herufi ileile mara mia. Mwaka 2010 David Grissmer na wenzake walichapisha uchambuzi wa takwimu za maelfu ya watoto wa Marekani na Uingereza, wakaona kwamba wepesi wa vidole mtoto anapoanza shule ni miongoni mwa mambo yanayoashiria atakavyofanya baadaye katika kusoma na hesabu. Kuashiria si kusababisha, na haifai kumwahidi mzazi kwamba kufinyanga chungu kutamletea mwanawe alama za juu za hisabati. Hata hivyo, anayelalamika kwamba sanaa inaiba muda wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, hana budi atueleze mkono wa kuandika utakomazwa na nini.

Nianze na udongo, maana hakuna darasa tajiri kuliko hilo. Udongo wa mfinyanzi hupatikana mabondeni na kingoni mwa mito mingi. Huondolewa mawe na mizizi, hulowekwa, kisha hukandwa mpaka uwe laini na usibaki na hewa ndani. Mtoto huupokea ukiwa donge. Somo la kwanza ni kuuviringisha kwa viganja juu ya ubao mpaka uwe kamba ya unene uleule toka ncha hadi ncha, na hapo ndipo mtoto hugundua kwamba mkono wa kulia unabonyeza zaidi ya wa kushoto. Kamba ya kwanza huzungushwa kuwa kitako, zinazofuata hupandishwa moja juu ya nyingine, na kidole hushushwa ndani kuziunganisha. Sasa mtoto anataka mkono wa kikombe. Akiubandika tu, utashika kwa siku hiyo. Kesho yake udongo ukikauka husinyaa, na mkono hudondoka. Basi mwalimu anamwonyesha: kwaruza pande zote mbili kwa kijiti, paka udongo uliolegezwa kwa maji ukawa kama uji, bana, shikilia kidogo. Kikombe kikaushwe kivulini polepole, kwa kuwa jua kali hukipasua. Katika kazi hii moja mtoto amejifunza kwamba chanzo kina tokeo lake, kwamba kazi ina mpangilio usiorukwa, na kwamba kilichoharibika kina sababu inayojulikana na kurekebishika. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, nao walikuwa wanaujua udongo walioutaja.

Rangi nazo zina kanuni zinazofundishika. Mtoto aliyeachiwa rangi zote kwa pamoja hupata tope la kahawia, akakata tamaa. Apewe njano na buluu peke yake. Aanze na njano, aongeze buluu tone baada ya tone, na kijani kitazaliwa mbele ya macho yake. Akianza na buluu atamaliza njano yote kabla hajakiona kijani cha majani machanga. Afundishwe kusuuza brashi kabla ya kubadili rangi, na kuikamua ukingoni mwa kopo ili rangi isichuruzike. Pasipo na brashi, kijiti cha mswaki kilichopondwa ncha chafaa sana. Kwa kupiga chapa, bamia iliyokatwa kwa kukingama huacha alama ya nyota, na mtoto akizipanga nyota hizo kwa zamu, nyekundu na nyeusi, ameanza kutunga urembo wa kujirudia kama ule wa kwenye kanga. Kuhusu kusuka, Mjerumani Friedrich Froebel, aliyefungua shule yake ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837, aliweka ususi wa vipande vya karatasi miongoni mwa kazi za watoto, na ulimwengu ukamsifu. Pwani yetu ilikuwa na ukili na mkeka, na watoto wakikaa kando ya bibi zao wakishika ukindu. Karatasi itangulie, juu na chini, juu na chini. Ukindu ufuate vidole vikishazoea.

Pingamizi zito kuliko yote halitoki kwa wazazi. Linatoka kwa wataalamu wanaosema kwamba kumfundisha mtoto mdogo ufundi ni kuua ubunifu wake. Mwalimu Franz Cizek alifungua darasa la sanaa la watoto mjini Vienna mwaka 1897 akiamini kwamba mtoto aachwe akue na sanaa yake mwenyewe, na Viktor Lowenfeld, katika kitabu chake cha mwaka 1947, alionya kwamba vitabu vya kujaza rangi humwondolea mtoto imani katika mchoro wake. Onyo hilo nalikubali kwa moyo wote. Ndilo lililo nyuma ya makala hii. Lakini kukataza kunakili ni jambo moja, na kumnyima mtoto ujuzi wa vifaa ni jingine. Mtoto asiyejua kuunganisha udongo hawezi kutengeneza ng'ombe mwenye miguu minne aliyesimama, hata kama anamwona vizuri kichwani mwake. Atatengeneza ng'ombe aliyelala kila siku, kisha atasema hajui sanaa. Mji wa Reggio Emilia nchini Italia, ambao halmashauri yake ilifungua shule ya kwanza ya watoto wadogo mwaka 1963, uliweka karakana ya sanaa shuleni na mwalimu aliyesomea sanaa ndani yake. Watoto hufundishwa kutumia udongo, waya na rangi, na kazi zao hazifanani.

Atatajwa pia Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kupaka rangi za mafuta kwenye vibao jijini Dar es Salaam mwaka 1968 bila kusomea sanaa shuleni. Ni kweli. Ila baada ya kifo chake mwaka 1972 uchoraji ule haukufa, kwa sababu aliwaketisha jamaa na wanagenzi kando yake, wakaona mandhari ya nyuma ikitangulia na ikaachwa ikauke, kisha mnyama, kisha madoa na majani. Kipaji chake kilikuwa chake mwenyewe. Kilichowezesha wengine kula jasho lao kwa brashi ni ufundi uliopokezanwa mkono kwa mkono.

Wapo wazazi, hasa wa pwani, wenye shaka ya kidini juu ya kuchora viumbe wenye roho. Shaka hiyo iheshimiwe, wala mwalimu asishindane nayo. Milango ya kuchonga ya Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar imejaa maua, majani na minyororo, na hakuna aliyewahi kuiona kuwa sanaa pungufu. Mtoto anaweza kujifunza kila stadi niliyoitaja kwa maua na mistari tu.

Lipo suala la gharama na wingi wa watoto. Mwalimu mmoja mwenye watoto themanini hawezi kuwafinyangisha wote kwa mpigo, na anayemdai hivyo hamtendei haki. Ndiyo kazi ya kona za ujifunzaji: kundi moja liwe kwenye udongo, mengine yahesabu, yasome picha au yacheze, na ndani ya wiki kila mtoto atakuwa amepata zamu yake. Udongo usiochomwa hauishi; kazi iliyokwisha kuonwa na wazazi huvunjwa, hulowekwa, ikarudi kuwa udongo wa wiki ijayo. Rangi ziwe za maji, zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto. Zile za mafuta, za kupakia baiskeli na milango, zisiingie darasa la awali kabisa. Na mwalimu asiyejua kufinyanga asione haya, maana wanaojua wapo. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, wanafinyanga vyungu vinavyouzwa hadi Matema na mbali zaidi, na karibu kila wilaya ina wafinyanzi, wasusi na wachongaji wake ambao shule haijawahi kuwaita hata siku moja.

Kwa walimu wakuu na kamati za shule, ombi ni hili. Muhula ujao, fedha za kudurufu picha za kujaza rangi zinunue ndoo mbili za udongo na rangi tatu za msingi, na mama mfinyanzi wa kijijini alipwe nauli na posho kwa asubuhi moja ya kila wiki. Nasi wazazi, siku ya kufunga shule, tumwombe mtoto atuonyeshe alivyotengeneza kikombe chake, tumsikilize mpaka amalize, ndipo tuulizie daftari.