Wanaohasi paka Lamu wasiachwe peke yao

Mji wa kale wa Lamu, ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, unajulikana kwa punda wake na kwa paka wake. Wapo watu wachache wanaojitolea kuwanasa paka hao, kuwapeleka kwa daktari wa mifugo wahasiwe, kisha kuwarudisha mitaa ile ile walikotolewa. Tunawaunga mkono, na tunasema wazi kwamba wamebebeshwa mzigo usio wao peke yao.

Kwa daktari aliyezoea, upasuaji wenyewe si kazi ndefu. Kunasa ndiko kunakochosha. Paka shume hashikiki kwa mkono. Anataka kizimba chenye mlango wa kufyatuka, na dagaa ndani. Lakini paka aliyeshiba hana haja na dagaa. Mwenye kujitolea akitega mtego usiku karibu na soko la samaki, na jioni mtu amemwaga matumbo ya samaki pale, atakesha bure. Paka aliyeponyoka mtegoni mara moja hausogelei tena kwa urahisi. Akinaswa jike anayenyonyesha, wanawe wamebaki mahali fulani wakimlilia, kwa hiyo lazima arudishwe upesi. Na akikoswa, mimba ya paka huchukua takriban siku 63 tu, na binti yake anaweza kubeba mimba akiwa na miezi minne au mitano. Kazi yote inarudi nyuma.

Kisha kuna maneno ya watu. Paka aliyehasiwa hukatwa ncha ya sikio akiwa bado katika nusukaputi, ili ajulikane kwa mbali asinaswe mara ya pili. Mpita njia huliona sikio lile akadhani ni ukatili. Wengine wanauliza kama dini inaruhusu, na swali lao ni la haki katika mji wa Waislamu wanaompenda paka. Wanazuoni wamehitilafiana, na wapo wanaoruhusu penye maslahi pasipo madhara. Maimamu walizungumze jambo hili misikitini, maana neno lao litasikilizwa kuliko letu.

Wanaodai sumu ni njia ya mkato wamekosea. Sumu ni mateso, na tena haisaidii: chakula kikiwa bado kipo, paka wengine watahamia na kuzaa. Paka aliyehasiwa akarudishwa hukaa mahali pake bila kuongeza idadi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kutunza ustawi wao. Hiyo si hisani ya kuwaachia watu wenye huruma na mifuko mitupu. Serikali ya Kaunti ya Lamu itenge fungu katika bajeti ijayo: dawa, vizimba, na daktari wa mifugo mwenye siku maalumu za kazi hii.

Nawe mkazi unayewalisha paka mlangoni pako, wewe unawajua kuliko mtu yeyote. Usiku wa mtego usiweke chakula nje. Na kama unajua jike gani amezaa na amewaficha wapi wanawe, mwambie anayekuja na kizimba.