Jiko la Gesi Lipimwe kwa Sufuria

Katika miaka hii ya karibuni, hapa Kampala na katika miji mingine ya Uganda, imezuka desturi ya watu wenye mshahara wa kadiri kununua majiko makubwa ya gesi, yale mapana ya vichomeo vitano ambayo hutiwa ndani ya kaunta ya jikoni. Desturi hiyo hatuipingi. Makaa yamekuwa ghali, na tangu Mei 2023 amri ya Rais imepiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara katika sehemu za kaskazini mwa nchi. Mwenye uwezo wa kuachana na makaa na aachane nayo. Tunalolipinga ni namna ya kuchagua. Mtu huingia dukani, huhesabu vichomeo, ambavyo wengi huviita pleti, huuliza bei, kisha hulipeleka jiko nyumbani kana kwamba amenunua kabati la kupanga sahani. Twasema hayo bila kumcheka yeyote, kwa kuwa nasi tulifanya hivyo hivyo.

Jiko letu la kwanza lilikuwa la kioo cheusi, upana wa sentimita 90, vichomeo vitano. Tulilinunua baada ya kupandishwa cheo, na twakiri kwamba macho yetu yalikuwa kwa wageni kuliko kwa wapishi. Jioni moja, mkesha wa Krismasi, mama yetu mzazi, aliyepika kwa kuni maisha yake yote huko kijijini, aliteleka maharage juu ya kichomeo cha nyuma, akapunguza moto, akatoka uani kumenya matoke. Povu la maharage likafurika likauzima moto. Gesi haikuzimika, iliendelea kutoka kimya kimya. Mama aliporudi alikuta sufuria imetulia, akachukua kiberiti. Dada yetu mdogo, aliyekuwa akipita mlangoni, ndiye aliyeisikia harufu, akamrukia akamshika mkono njiti ikiwa tayari imegusa ubavu wa kibweta. Mama hakukasirika. Alisema tu, "Mwanangu, kuni zikizimika hutoa moshi, mtu akajua. Hili lenu linazimika bila kusema."

Usiku ule hatukulala. Chuoni kwa makadeti tulifundishwa kwamba shambulio lolote huanza kwa upelelezi, na kwamba kamanda asiyejua ugavi wake hajui lolote. Baadaye, tukiwa maofisa wa zamu, tulikagua majiko ya kambi, tukaonja chakula na kutia saini kitabuni. Kazi hiyo humfunza mtu kuonja, kupika haimfunzi. Basi tulianza upya, safari hii kwa kufuata mafunzo, na tunayoyaandika hapa ndiyo tuliyoyapata.

Upelelezi wa kwanza hufanywa nyumbani, kabla ya kwenda dukani. Chukua sufuria kubwa kuliko zote, ile ya kupikia matoke ndani ya majani ya mgomba, uipime kwa utepe kutoka ukingo hadi ukingo. Yetu ina sentimita 36, na anayoifuata haipungui sana. Jiko la kawaida la vichomeo vinne lina upana wa sentimita 60, na kutoka kitovu cha kichomeo cha kushoto hadi kitovu cha kile cha kulia mara nyingi ni kama sentimita 30. Sufuria mbili za sentimita 36 haziketi bega kwa bega hapo hata uzibembeleze, kwa maana zataka vitovu viachane kwa sentimita 36 kamili, na bado hujapata nafasi ya kupitisha mkono. Hapa ndipo jiko pana linapokuwa na haki ya kununuliwa. Nyumba inayopikia watu kumi na wawili, na nyumba za askari hazikosi wageni, yahitaji upana huo.

Lakini na huo upana nao uchunguzwe. Katika jiko letu lile la sentimita 90, tulipoteleka sufuria mbili kubwa, moja katikati na moja pembeni, zilifunika nafasi ya kichomeo cha tatu, na palipobaki palitosha birika na kikaango kidogo. Vichomeo vitano tulivilipia, vinne ndivyo vilivyotumika. Kwa hiyo twashauri jambo ambalo litawachekesha wenye maduka: nenda na sufuria yako. Sisi tulikwenda nayo mchana kweupe, tukiwa tumevaa sare, tukaiweka juu ya majiko sita, moja baada ya jingine. Kijana wa dukani alicheka hadi jiko la tatu. La nne alitusaidia kulipima.

Tena anayepika ndiye achague. Mwanamume anayenunua jiko kwa siri ili aishangaze nyumba yake amefanya kazi ya mpelelezi bila kumwuliza mwenyeji wa eneo. Mama watoto ndiye aliyetuonyesha jambo ambalo sisi tusingaliliona kamwe, nalo ni posho. Posho husongwa kwa nguvu. Mwiko husukuma sufuria huku na huko, na sufuria husukuma vyuma vinavyoibeba. Vyuma vyepesi vya bati, vinavyokaa tu juu ya jiko bila kushikwa na chochote, huteleza, na siku moja chungu kizima cha moto kitamwangukia mtu miguuni. Tafuta vyuma vizito vya kusubu, vyenye miguu inayoingia katika vijishimo vyake. Vishike, uvitikise kwa nguvu zako zote. Vikicheza mikononi mwako dukani, vitacheza zaidi penye posho.

Kuhusu kioo, maoni yetu ni mafupi: kinapendeza, na kinasafishika upesi, lakini sufuria pana inayovuka mipaka ya kichomeo hurudisha joto chini, na kioo kinachopata joto kisha kikamwagikiwa maji baridi hakina ahadi na mtu. Chuma cha pua hupata madoa na mikwaruzo. Tumechagua madoa.

Tuje kwenye moto wenyewe, kwa kuwa hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Nguvu ya kichomeo hupimwa kwa kilowati. Kile kidogo huwa na kama kilowati 1, vya kati karibu 2, na kile kikubwa chenye duara mbili au tatu za moto huweza kufika 4 au 5. Wengi hudhani kwamba jiko lenye kilowati nyingi hupika upesi kila kitu. La hasha! Hapa Kampala, kwenye mwinuko wa kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na huko Kabale kwenye vilima huchemka chini ya hapo. Maji yakishachemka, ukiongeza moto hayazidi kupata joto; huongezeka mvuke tu, na miali inayopanda kandokando ya sufuria huunguza mishikio. Maharage huiva kwa saa, hayaivi kwa ukali wa moto. Kwa hiyo kichomeo kikubwa kimoja chatosha, cha kuchemshia upesi na cha kusongea posho. Kinachobaki ni kupata kidogo kinachoweza kushushwa mpaka moto uwe kama wa mshumaa na bado usizimike. Mwombe mwenye duka akiwashe, ukishushe mwenyewe, kisha ufungue na kufunga mlango wa kabati lililo chini yake. Majiko mengi ya fahari hushindwa hapo.

Na kilowati hizo zalishwa na mtungi. Kilo moja ya gesi ina nguvu ya karibu kilowati 13 kwa saa moja. Kichomeo cha kilowati 4, kikifunguliwa kabisa, hula kama gramu 300 kila saa. Jiko zima la vichomeo vitano, lenye jumla ya kilowati 12, vyote vikiwaka kabisa, hula karibu kilo moja kwa saa. Mwenye mtungi wa kilo 6 apige hesabu mwenyewe. Tena gesi iliyomo ndani ya mtungi ni kimiminiko, nayo huhitaji joto ili igeuke kuwa hewa. Joto hilo huvutwa kutoka kwenye ubavu wa mtungi. Ukiuvuta mtungi mdogo kupita kadiri, hutoa jasho, hupoa, na moto hunywea ingawa gesi haijaisha. Watu humlaumu aliyewauzia, ati kawapunja. Jiko kubwa lataka mtungi wa kilo 12 au 13 kwa uchache, na ulio bora ni kuwa na miwili. Asiyeweza kulisha jeshi kubwa asiliandikishe.

Sasa twataka msomaji asome kibandiko kilicho chini ya jiko. Majiko mengi hutengenezwa kwa ajili ya nchi ambazo gesi asilia hufika nyumbani kwa bomba. Hata kwa majirani zetu wa Tanzania, baadhi ya nyumba za Dar es Salaam na Mtwara zimeunganishwa hivyo. Uganda hatuna bomba la namna hiyo. Yetu ni gesi ya mtungi, nayo kwa ujazo ule ule ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gesi asilia. Jiko la gesi asilia huandikwa G20, na mgandamizo wa milibari 20; la gesi ya mtungi huandikwa G30 au G31, na milibari 28 hadi 30, au 37. Tofauti imo katika nozeli, kile kijitundu kinachopitisha gesi kuingia kwenye kichomeo. Nozeli ya gesi asilia ina tundu pana. Ukiitia gesi ya mtungi, utapata miali mirefu ya manjano na masizi meusi juu ya kila sufuria, pamoja na hewa ya sumu chumbani. Moto mwema ni wa buluu. Majiko mengi huja na nozeli za akiba ndani ya kijaluba. Fundi anayeijua kazi yake huzibadili kwa muda mfupi. Usimlipe kabla hujaona buluu.

Tumeacha kwa makusudi lile lililokuwa kubwa kuliko yote. Katika majiko yaliyotengenezwa vyema, pembeni mwa kila kichomeo hukaa kijiti kidogo cha chuma kinachooteshwa na moto. Kijiti hicho kikiwa cha moto huzaa umeme kidogo mno, nao huishika vali ikabaki wazi. Moto ukizimika, kwa upepo au kwa povu la maharage, kijiti hupoa, umeme hufa, na vali hujifunga yenyewe. Hakitaki betri wala umeme wa ukutani. Kinafanya kazi hata usiku wa giza. Dalili yake ni kwamba ukiwasha huna budi kuendelea kubonyeza kitasa kwa nukta chache, la sivyo moto huzimika. Wako wauzaji wanaoita jambo hilo usumbufu. Twasema kwa sauti kubwa: kati ya jiko la vichomeo vitano lisilo na vali hiyo, na la vichomeo vitatu lililo nayo, nunua la vitatu. Anayekwambia vali ni anasa hajamwona mama yake akiwa na kibweta mkononi.

Gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu mbaya tunayoijua hutiwa makusudi kiwandani. Tena ni nzito kuliko hewa, hulala sakafuni kama maji, kwa hiyo dirisha la juu halisaidii sana. Yafaa pawe na tundu chini ya mlango au ukutani karibu na sakafu, na mtungi ukae nje ukiwa wima. Mpira una tarehe yake, ikipita, ubadilishwe. Viungo vipakwe povu la sabuni, wala pasiwe na mtu wa kuvipima kwa kiberiti, ingawa tumewahi kumwona fundi akifanya hivyo huku akipiga mluzi.

Jiko tulilolichukua mwishowe ni la chuma cha pua, sentimita 75, vichomeo vinne, vyuma vya kusubu, vali kwa kila kichomeo. Lile la kioo lilikuwa limekatiwa nafasi pana mno, ikatubidi kuziba pengo la kaunta kwa kipande cha jiwe ambacho rangi yake haifanani na jiwe la awali. Wageni hukiona na kukiuliza.

Mama alikuja tena Desemba iliyofuata. Alikataa kupika kabla ya kuoneshwa. Tuliwasha kichomeo cha nyuma, naye akainama akaupuliza moto mwenyewe ukazimika, akaweka sikio karibu na kitasa. Haikupita nusu dakika, vali ikalia, tap. Akatutaka tuwashe tena, akapuliza mara ya pili, akasikiliza. Kisha akauliza maharage yako wapi.